Barazani: Mtu wa Nyongeza

 

Jumapili iliyopita, watu walipotoka kanisani, nilisikia kelele chini ya mwembe. Nikadhani kuna ugomvi wa mpaka wa shamba. Kumbe walikuwa vijana sita tu, mmoja ana simu mkononi, nao wanabishania mpira wa kikapu wa Marekani. Tena jambo lenyewe ni la mwaka 2011, wakati wengine wao walikuwa bado wanabebwa mgongoni! Walikuwa wakiulizana hivi: Je, timu ya Memphis ilifanya vema au vibaya ilipomtoa Hasheem Thabeet na kumchukua mtu mwingine?

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na fimbo yake akasimama. Akawauliza, “Wajukuu zangu, mnasema kijana wetu alibadilishwa. Alibadilishwa kwa kitu gani? Na mwenyewe aliulizwa?”

Vijana wakatazamana. Hakuna aliyejibu. Basi leo nataka tuliangalie jambo hilo pamoja, polepole, kwa maana ndani yake mna fundisho linaloingia hata nyumbani mwetu.

Kwanza tumjue kijana mwenyewe. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kuucheza mpira wa kikapu kwa bidii akiwa na miaka kumi na mitano hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wamekwisha kuucheza tangu utoto. Lakini alijaliwa urefu: sentimita 221. Kikapu chenyewe huwekwa juu mita 3 na sentimita 5, na yeye akinyoosha mkono bila kuruka, vidole hukikaribia. Akaenda Marekani kusoma, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut akapata sifa kwa kazi moja hasa: kuuzuia mpira wa adui usiingie kikapuni.

Kila mwaka timu za ligi kubwa ya kulipwa ya huko, iitwayo NBA, huchagua vijana wapya kwa zamu. Mwezi wa Juni 2009 zamu ya pili ilikuwa ya Memphis Grizzlies, timu ya mji wa Memphis ulio kando ya mto Mississippi. Wakamchagua Hasheem. Katika vijana wote wa mwaka ule, mmoja tu, Blake Griffin, alitangulia kutajwa. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza katika ligi ile kabla yake. Mnakumbuka furaha tuliyokuwa nayo!

Lakini furaha ya siku ya kuchaguliwa haichezi mpira. Katika mchezo huu watu watano tu husimama uwanjani kwa upande mmoja, na timu huwa na wachezaji kama kumi na watano. Hao waliobaki hukaa benchi, wanangoja. Mchezo mzima ni dakika 48. Na nafasi ya Hasheem, yaani ya mtu mrefu anayelinda kikapu, ilikuwa na mwenyewe: Mhispania Marc Gasol, mkubwa wa mwili na mwenye akili ya mchezo. Basi kijana wetu akawa mtu wa akiba. Mwezi wa Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo, kwenye timu ya Dakota Wizards, ili apate mazoezi. Kabla yake hakuna kijana aliyechaguliwa juu hivyo ambaye alikuwa ameshushwa kwenda ligi ile. Watu walisema maneno mengi. Wengine walicheka.

Halafu ikafika tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya msimu ule ambayo timu ziliruhusiwa kubadilishana wachezaji. Siku hiyo Memphis wakampeleka Hasheem kwa timu ya Houston Rockets, nao wakampokea Shane Battier.

Sasa turudi kwenye swali la babu. Alibadilishwa kwa kitu gani? Katika mpira wa miguu tumezoea kusikia kwamba klabu imelipa fedha kadha wa kadha ili impate mchezaji. Huko NBA desturi ni nyingine. Hutolewa mtu kwa mtu, au mtu kwa haki ya kuchagua kijana katika mwaka ujao. Tena kuna kikomo cha mishahara. Timu iliyokwisha kupita kikomo, ikitaka kumpokea mtu wa mshahara mkubwa, kwa kawaida lazima nayo itoe mishahara inayokaribiana na huo. Ndiyo maana mara nyingi huongezwa mtu mmoja au wawili ambao hakuna aliyewataka hasa, ili mizani ikae sawa. Akina mama mnaouza nyanya mnalijua neno lake: nyongeza. Mnunuzi amekwisha kubali fungu, lakini anasema, “Niongeze kidogo, mama,” nawe unamtupia nyanya moja juu ya fungu lake. Hamwiiti bei hiyo nyanya. Imekwenda tu.

Je, mwenyewe aliulizwa? La. Kwa kawaida mchezaji haulizwi. Mkataba wake huhama naye, kama alama ya ng’ombe, na ni wachache sana wenye haki ya kukataa. Asubuhi mtu yu mji huu, jioni anaambiwa afungashe. Mke na watoto watafuata baadaye, na watoto watatafutiwa shule nyingine. Lakini tuseme haki: alitia sahihi mwenyewe, anajua kanuni, na mshahara si mdogo. Hasheem wakati ule alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Hatuwezi kumlilia kama mtu aliyeonewa. Hata hivyo, babu yetu hakuwa mjinga alipouliza. Fedha ikiwa nyingi, mtu bado ni mtu.

Mashabiki wa Memphis, kama vijana wetu chini ya mwembe, waligawanyika pande mbili, na kila upande ulikuwa na maneno ya maana.

Upande wa kwanza ulisema: Kwa nini kuharakisha? Huyu kijana ameanza mchezo akiwa mkubwa, na watu warefu hukomaa pole pole. Amekuwa nanyi msimu mmoja na nusu tu. Tena mnampokea nani? Battier amekwisha timiza miaka 32, na mkataba wake unamalizika mwisho wa msimu huu huu! Akiondoka mtabaki na nini? Nanyi mmetoa juu yake haki ya kumchagua kijana mwingine siku za mbele. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Upande wa pili ulijibu: Njaa ni ya leo. Mchezaji wetu hodari, Rudy Gay, ameumia bega mwezi huu huu. Mwaka huu tuna timu inayoweza kufika mbali, nasi tunahitaji mtu mzima wa kumkaba mshambuliaji mkali wa adui. Battier tunamjua, alianza kazi yake kwetu mwaka 2001 akakaa mpaka 2006. Hana makeke, lakini anajua kazi. Wahenga walisema vilevile, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Haya, msomaji, nani alishinda? Ngoja kwanza nikuambie yaliyotokea.

Memphis waliingia katika michezo ya mwisho ya msimu ule wakiwa timu ya nane, yaani ya chini kabisa, katika kundi lao la magharibi. Wakapangiwa San Antonio Spurs, timu ya kwanza. Tena mjue kwamba tangu Grizzlies walipoundwa, walikuwa wamekwisha kufika hatua hiyo mara tatu, wakacheza michezo kumi na miwili, wakafungwa yote kumi na miwili. Tarehe 17 Aprili 2011, mchezo wa kwanza, zikiwa zimebaki sekunde kama ishirini na nne tu, Memphis wakiwa nyuma, mpira ukamfikia Battier pembeni, mbali na kikapu. Akautupa. Ukaingia, pointi tatu. Memphis wakashinda 101 kwa 98. Ushindi wa kwanza wa namna hiyo katika historia yao, na aliyeuleta ni kiselema! Hatimaye wakawatoa San Antonio kwa michezo minne kwa miwili. Raundi iliyofuata walitolewa na Oklahoma City, lakini baada ya kupigana mpaka mchezo wa saba.

Upande wa pili ukapiga makofi: “Mmeona?” Lakini mwaka ule ule Battier akaondoka, akaenda Miami, na huko akapata ubingwa mara mbili, mwaka 2012 na 2013. Upande wa kwanza nao ukasema: “Mmeona? Msala umepita!”

Na Hasheem? Houston walimchezesha mara saba tu. Mwezi wa Machi 2012 akabadilishwa tena, akaenda Portland. Kisha akakaa misimu miwili Oklahoma City, akiwa mtu wa akiba vilevile. Kwa jumla alicheza michezo 224 katika ligi ile. Baadaye akaenda kucheza Japani, na Taiwani. Matumaini makubwa ya siku ile ya Juni 2009 hayakutimia, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini michezo 224 nayo si kitu cha kutupa, kwa kijana aliyeutoa mpira wake Dar es Salaam akiwa amekwisha kuota ndevu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Basi kila upande uvute, ngozi ni hiyo hiyo.

Hapo ndipo vijana wetu walipokuwa wamefikia katika ubishi wao. Mmoja, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasema, “Yote haya ni bure. Mtu wa benchi ni mzigo. Ukipata wa kumtwika, mtwike!” Wenzake wakacheka sana. Nami, nakiri mbele yenu, nilicheka.

Kisha nikaona kitu. Kijana wa sita, aliyekuwa ameketi kwenye mzizi wa mwembe, hakucheka. Huyu ni golikipa wa akiba wa timu yetu ya hapa kijijini. Ni mwaka wa pili sasa anakaa pembeni, na kazi yake ni kuokota mipira inayotoka nje na kulinda viatu vya wenzake. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaondoka bila kuaga. Wenzake hawakumwona. Kicheko changu kikanikauka mdomoni.

Basi nikawauliza waliobaki: “Wanangu, katika biashara ile ya Februari 2011, waliobadilishwa walikuwa wangapi?”

“Wawili,” wakajibu. “Thabeet na Battier.”

“La,” nikasema. “Walikuwa wanne.”

Wakaitazama simu. Naam, walikuwa wanne. Pamoja na Hasheem, Memphis walimtoa kijana aitwaye DeMarre Carroll. Pamoja na Battier, Houston walimtoa kijana mfupi aitwaye Ish Smith. Katika mabishano yote hawa hawakutajwa. Walikuwa nyanya ya juu ya fungu. Nyongeza!

Sasa sikilizeni habari za nyongeza.

Carroll alichaguliwa na Memphis mwaka ule ule wa 2009, lakini zamu ya 27. Alipofika Houston, hata miezi miwili haikutimia, wakamwacha. Hawakumbadilisha, hawakupata kitu kwa ajili yake. Walimwambia nenda tu. Akapata nafasi Denver, nako wakamwacha. Akaenda Utah. Kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa mtu wa kutokea benchi, mwenye dakika chache, na kazi yake ikawa ile ambayo wengi hawaipendi: kukimbia, kukaba, kugombania mpira ulioanguka. Mwaka 2013 timu ya Atlanta ikamchukua, na huko ndiko alikopata nafasi ya kudumu katika wale watano wa kuanza. Msimu wa 2014 hadi 2015 Atlanta walishinda michezo 60 kati ya 82. Mwezi wa Januari 2015 walicheza michezo kumi na saba bila kufungwa hata mmoja, na ligi, badala ya kumtaja mtu mmoja kuwa mchezaji bora wa mwezi katika kundi lao la mashariki, ikawataja wote watano pamoja. Carroll alikuwa mmoja wao. Katikati ya mwaka huo timu ya Toronto ikampa mkataba wa miaka minne wa dola karibu milioni 60. Huyo ndiye aliyeachwa aende bure.

Na Ish Smith? Yeye hata hakuchaguliwa siku ya kuchagua vijana. Aliingia kwa mlango wa uani. Alibadilishwa, akaachwa, akaitwa, akabadilishwa tena, hata akazichezea timu 13. Hakuna mtu katika historia ya ligi ile aliyechezea timu nyingi kuliko hizo. Hebu fikirini: mara ngapi amefungasha mizigo! Mara ngapi ameingia chumba cha wageni na kuanza kujifunza majina ya wenzake! Lakini kila mara kulikuwa na timu iliyosema, “Huyu tunamhitaji.” Mwaka 2023, akiwa katika timu ya kumi na tatu, Denver, na akiwa mtu wa benchi kama kawaida yake, timu ile ikawa bingwa wa ligi nzima. Akavikwa pete ya ubingwa pamoja na wakubwa.

Vijana wakanyamaza kabisa. Yule mwenye sauti kubwa akakuna kichwa.

Wasomaji wapenzi, sisemi kwamba kila mtu wa nyongeza atakuwa Carroll. Huo ungekuwa uongo, na vijana wanajua kuutambua uongo wa wazee. Wengi waliachwa wakaachika, wakarudi makwao kutafuta kazi nyingine, nao si watu wabaya. Wala sisemi watu wasibishane. Ubishi wa michezo ni chumvi ya mazungumzo, na biashara ya timu ina hesabu zake. Mtu aweza kusema ilikuwa nzuri au mbaya. Nisemalo ni hili: soko la siku moja huonyesha bei ya siku ile. Thamani ya mtu halijui. Siku ile ya Februari wapimaji wote wa Marekani, wenye vitabu na mashine za hesabu, waliwaweka watu wanne katika mizani, na wawili waliowatupa juu kama nyongeza ndio waliodumu kuliko walivyodhaniwa. Ikiwa wale wajuzi walikosea hivyo, wewe na mimi tunaopima kwa macho tu tutakosea mara ngapi?

Nasi hupima, tena kila siku! Hupima nyumbani. Mgeni anakuja, baba anawaonyesha watoto: “Huyu ndiye anayeshika namba ya kwanza darasani. Huyu ananisaidia dukani. Na yule,” akinyoosha kidevu kuelekea mlangoni, “yule yupo tu.” Yupo tu! Mtoto amesikia. Atajifanya anacheza na mbwa, lakini amesikia, na neno hilo atalala nalo. Ada ya shule ikipungua, tunajua tayari ni nani atakayebakishwa nyumbani. Binti akitoka kwa shangazi kwenda kwa mjomba na kurudi kwa bibi, leo analea mtoto huku, kesho anachota maji kule, je, kuna aliyemwuliza? Swali la babu lile lile! Tena huyo hana mkataba wala mshahara.

Baba, mama, huenda hamwezi kubadili mengi. Fedha ni kidogo, na kazi ni lazima igawanywe. Lakini kuuliza hakuna gharama. Mwite, mkae, mwambie, “Mwanangu, tunafikiri hivi kwa sababu hii. Wewe waonaje?” Hata kama jibu halibadilishi safari, ataondoka akijua kwamba ametumwa, hakutupwa.

Nanyi vijana mlio benchi, iwe benchi la mpira au la maisha, angalieni kile Carroll alichokifanya. Hakungoja afike uwanjani ndipo ajifunze. Alichagua kazi isiyogombaniwa na mtu, akaifanya mpaka ikawa yake. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi.

Jioni ya Jumapili ile nilimfuata yule golikipa wa akiba. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao, anautupa mpira ukutani na kuudaka, anautupa na kuudaka. Nikamwomba radhi kwa kucheka, kwa maana mzee akikosa naye huomba radhi. Kisha nikamweleza habari za Carroll tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza akaniuliza neno moja tu: “Mzee, huyo alikaa benchi miaka mingapi?”

Nikahesabu kwa vidole. Kutoka 2009 hadi 2013. “Miaka minne,” nikasema.

Hakujibu. Akaurudisha mpira ukutani, mara hii kwa nguvu zaidi, akaudaka kwa mkono mmoja.

Kwaherini, wasomaji wapenzi, mpaka wiki ijayo. Na timu yetu ikicheza tena, mkifika uwanjani, msiangalie wale walio ndani tu. Geuzeni macho kidogo upande wa benchi, mkawasalimu kwa majina yao.